Kabla ya Ukoka Kupandwa: Maswali ya Wakazi Kuhusu Uchunguzi wa Akiolojia Kwenye Bustani za Ufuoni Mombasa

Kila panaposikika kwamba kipande cha ufuo wa Mombasa kitatengenezwa kiwe bustani ya umma, maswali huwa yale yale: barazani, kwenye foleni ya feri ya Likoni, na kwenye mikutano inayoitishwa na kaunti. Majibu haya yameandikwa na mtu wa akiolojia, kazi ya kutafuta na kuchunguza mabaki ya kale yaliyo ardhini, kwa ajili ya wakazi, wazee wa mtaa, mafundi na wakandarasi. Na vijana wa ofisi za usanifu wasome pia, kwa sababu mara nyingi hutuita michoro ikiwa imeshapigwa muhuri.

Ni bustani tu. Bustani inaharibu nini?

Ukoka wenyewe hauharibu kitu. Kinachoharibu ni vile vinavyofuatana nao: choo cha umma na shimo lake, mtaro wa maji ya mvua, nguzo za taa, mabomba ya kumwagilia, maegesho ya magari, mashimo ya kupandia miti. Na kabla ya hayo yote ipo ile kazi ambayo hakuna anayeihesabu kuwa ni kuchimba, yaani tingatinga kupita kusawazisha ardhi. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na sehemu nyingi za ufuoni udongo ulio juu ya mwamba huo ni haba. Mabaki ya miaka mia sita yanaweza kuwa chini kwa kina cha goti tu, pengine hata goti halifiki. Tingatinga halihitaji siku nzima kuyamaliza.

Kuna jambo jingine, na kwangu mimi hilo ndilo jibu lenyewe. Jengo la ghorofa likishachorwa, msingi wake hauna pa kwenda. Bustani ina pa kwenda. Kiti husogezwa mita nane na hakuna atakayejua. Njia ya kabro inaweza kupinda, na pengine ikapendeza zaidi. Choo kinaweza kuhamia pembe nyingine ya kiwanja. Katika miradi yote ya ujenzi, bustani ndiyo nyepesi kupatanishwa na mabaki ya kale, ila habari ifike kabla ya mchoro. Ikija baadaye, zabuni imeshatoka, kabro zimeshahesabiwa, na kila mita ya kusogeza ina bei yake.

Lakini Mombasa inajulikana. Mji wa Kale uko pale, Fort Jesus iko pale. Kumebaki nini?

Mji wa Kale tunaouona leo si mkongwe kuliko yote kisiwani. Katika miaka ya 1970 Hamo Sassoon, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Fort Jesus, alichimba upande wa kaskazini, sehemu za Hospitali Kuu ya Pwani, akakuta makazi ya watu yaliyoanza takriban miaka elfu moja iliyopita. Wagonjwa na wauguzi wanapita juu ya mji huo kila siku, na juu hapaonyeshi dalili.

Upande wa pili wa kisiwa, kuelekea Kilindini, ramani za Wareno zinaonyesha mji mwingine walioutaja kwa jina la Tuaca. Wakilindini, pamoja na Watangana na Wachangamwe, ndio Thalatha Taifa, yaani Mataifa Matatu ya Waswahili wa Mombasa, na masimulizi yao kuhusu upande ule wa kisiwa bado yamo vinywani mwa watu. Mnara wa Mbaraki, wa mawe ya matumbawe, umesimama hadi leo, na kando yake msikiti mdogo. Kisha nenda ukingo wa Mama Ngina, pale wenyewe tunapopaita Lighthouse. Katika ukingo ule ule ambao watu hukaa jioni kula mihogo ya kukaanga na kunywa madafu, yako mabaki ya ngome ndogo ya Wareno iliyoitwa Mtakatifu Yosefu. Ufuo huo ulitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, na sherehe za Mashujaa za mwaka huo zilifanyiwa hapo.

Kisiwa hiki pia kimeungua mara kadhaa. Wareno waliushambulia na kuuchoma mji mwaka 1505, wakarudi mwaka 1528, na tena mwaka 1589, kabla hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Kwa hivyo tukikuta tabaka la majivu na udongo uliokuwa mwekundu kwa moto, swali la kwanza huwa ni moto upi. Moto wa jikoni huacha duara dogo. Moto wa mji huacha mstari mrefu unaoendelea kutoka shimo hadi shimo, na hapo ndipo kila mtu kwenye kiwanja huacha kuongea.

Mbona mnachimba hata mahali ambapo hapana jiwe wala ukuta?

Kwa sababu watu wengi wa pwani hawakuishi katika nyumba za mawe. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, na katika machache aliyoyaeleza ni kwamba misikiti ya hapa ni ya mbao na imejengwa imara, na kwamba kwenye milango yake kuna visima vifupi ambavyo maji yake huchotwa kwa chombo cha mbao chenye mpini. Mbao huoza. Nguzo ikioza ardhini, shimo lake hujaa udongo wenye rangi tofauti na ule unaolizunguka, na ukikwangua kwa mwiko wa fundi polepole unaliona: duara jeusi, upana wa kiganja au zaidi. Ukiona jingine kwa umbali wa hatua, kisha jingine, umeanza kuona nyumba.

Katika mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwenzake, ya mwanzo ikiwa ya karne ya 8. Huko Songo Mnara, upande wa Kilwa, wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walipima viwanja vilivyodhaniwa kuwa vitupu baina ya nyumba za mawe, wakakuta nyumba za udongo na alama za kazi za watu. Kwa hiyo mtu akiniambia kiwanja cha bustani ni kitupu, mimi humuuliza alijuaje.

Kazi yenyewe huendaje, mwanzo hadi mwisho?

Huanzia mezani. Tunakusanya ramani za Wareno, ramani za wapima ardhi wa wakati wa Mwingereza, picha zilizopigwa kutoka angani, hati za ardhi, na kumbukumbu za Makavazi ya Kitaifa (taasisi ya serikali inayosimamia makumbusho na turathi) kuhusu maeneo yaliyokwisha kuandikishwa. Wakati huo huo tunakaa na wazee. Nani alilima hapa, kisima kilikuwa wapi, kwa nini njia ya zamani ilizunguka mti ule badala ya kupita moja kwa moja. Mzee aliyechunga mbuzi kwenye kiwanja utotoni hutuambia kwa nusu saa mambo ambayo mashimo yangechukua siku nyingi kuyasema, na akikosea huwa amekosea kwa mita chache tu.

Kisha tunatembea. Watu hujipanga mstari mmoja, kila mmoja mbali kidogo na mwenzake, wakavuka kiwanja macho yakiwa chini. Kila kigae (kipande cha chungu au bakuli kilichovunjika), kipande cha chokaa au donge la mavi ya chuma, yaani taka za kufua chuma, huwekewa kibendera, na mahali pake hupimwa kwa setilaiti. Wakati mzuri ni kiangazi, nyasi zikiwa chini, kabla masika hayajaanza. Huwa tunaangalia sana mashimo ya kaa na ya panya buku. Hao ni wachimbaji wasio na mshahara: udongo wanaoutupa nje mara nyingi una vigae vilivyotoka kina ambacho sisi bado hatujakifikia.

Baada ya hapo huja mashimo ya majaribio. Kiwanja hugawanywa kwa kamba na vigingi, na kila baada ya mita 10 au 20 tunachimba shimo dogo, nusu mita kwa nusu mita, mpaka tuguse mwamba au mchanga usio na dalili ya binadamu. Hatuchimbi ovyo kama shimo la kupandia mnazi. Tunashuka sentimita 10 kwa 10, au tabaka kwa tabaka ikiwa rangi inabadilika, na udongo wote unapita kwenye chekeche la waya lenye matundu ya milimita 5. Shanga ndogo za kioo hupenya hata hapo, kwa hiyo sehemu nyingine hutumia chekeche laini zaidi au udongo huoshwa kwa maji. Kila mfuko hupewa namba ya shimo na kina. Kigae kisicho na namba ni takataka, hata kiwe kizuri namna gani. Kimeshapoteza mahali kilipotoka, na mahali ndipo penye habari.

Shimo lisilo na kitu nalo huandikwa, kwa sababu ndilo linalomwambia msanifu kwamba choo kinaweza kujengwa pale.

Mashimo yanapoonyesha vitu kwa wingi, tunafungua eneo kubwa kidogo, mita moja au mbili kila upande, na kazi hubadilika. Beleshi na sururu huwekwa kando. Unabaki mwiko wa fundi, brashi, karai na subira. Kila tabaka huchorwa na kupigwa picha, na rangi ya udongo hulinganishwa na kitabu cha rangi cha Munsell ili mwingine akisoma ripoti ajue "kahawia" yetu ni kahawia gani. Mwishoni mashimo yote hufukiwa. Ukipita baada ya mvua mbili hujui kama tulikuwepo.

Si kuna mashine zinazoona chini ya ardhi? Kwa nini mjichoshe na majembe?

Zipo, na tunazitumia zikipatikana. Rada ya ardhini hutuma mawimbi chini na kusikiliza yanavyorudi. Kwenye mchanga mkavu hufanya kazi vizuri, na inaweza kuonyesha ukuta au kisima kilichofukiwa. Tatizo la ufuoni ni chumvi. Udongo wenye maji ya chumvi hunyonya mawimbi hayo, na karibu na mstari wa maji skrini huonyesha ukungu tu. Kifusi cha matumbawe nacho kina mawe ya kila namna, kwa hiyo rada huona "kuta" mahali ambapo Mungu mwenyewe ndiye aliyeweka jiwe. Vifaa vya kupima sumaku ya ardhi husaidia kuonyesha mahali palipowaka moto, kama tanuri au pahali pa kufulia chuma, lakini ukiwa karibu na uzio wa mabati au nyaya za umeme, ambazo Mombasa hazikosekani, husoma uzio na kuacha tanuri. Droni ni nzuri kwa ramani. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kukuambia kigae ni cha karne gani.

Mnatafuta dhahabu?

La. Na tukisema la, watu hutabasamu kana kwamba tumethibitisha. Wanaokuja usiku na sururu kwenye mashimo yetu huharibu matabaka, na asubuhi wao wana vumbi na sisi tuna hasara.

Basi huwa mnapata nini?

Zaidi ya yote, vigae. Vyungu vya kupikia vya hapa hapa ndivyo vingi, na ndivyo vyenye maana zaidi ingawa havina sura. Vyungu vya pwani vilivyochorwa pembetatu za mistari kwenye shingo hutupeleka karne ya 7 hadi ya 10. Kuna aina ya kale zaidi iliyopewa jina la Kwale, mahali ilipotambuliwa kwanza, ya wakulima wa mwanzo waliofua chuma.

Katikati ya vigae hivyo huchomoza vya ng'ambo: vyombo vya Ghuba ya Uajemi vyenye glezi (mpako unaong'aa kama kioo) ya buluu na kijani, bakuli zilizochorwa kwa kukwaruzwa, seladoni, yaani vyombo vyenye glezi ya kijani kutoka China, na baadaye kaure nyeupe yenye michoro ya buluu. Hivyo ndivyo vinavyopigwa picha na waandishi wa habari. Hata hivyo kigae cha China peke yake hakithibitishi kwamba Mchina aliishi hapo. Kinathibitisha kwamba mtu wa hapo aliweza kukinunua. Huwa narudia jambo hilo mpaka naonekana mgomvi.

Pamoja na vigae kuna mifupa ya samaki, maganda ya kombe na chaza, mavi ya chuma, shanga, vipande vya chokaa vilivyobeba alama ya boriti, na makaa. Makaa tunayapenda. Kwa kipimo cha kaboni 14 hutupatia tarehe, kwa kuwa kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730. Maganda ya baharini pia hupimika, lakini yana hila: bahari huweka kaboni ya zamani, kwa hiyo kombe aliyeliwa juzi anaweza kupimwa akaonekana wa mamia ya miaka iliyopita. Ni lazima tarehe zake zirekebishwe. Ukisoma mahali tarehe ya ganda imetajwa bila marekebisho hayo, ipokee kwa tahadhari.

Je, mnaweza kukuta vitu vya kabla ya miji ya Waswahili?

Ndiyo, hasa upande wa bara. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, watafiti walikuta kaburi la mtoto mdogo lenye umri wa takriban miaka 78,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kiwanja cha bustani ufuoni hakiwezi kutarajiwa kutoa jambo kama hilo, lakini vijiwe vilivyochongwa huokotwa, na mtu asiyevijua huvihesabu kuwa kokoto.

Mkikuta makaburi?

Kazi husimama mahali hapo. Hilo ni la kwanza na halina mjadala.

Makaburi ya Waislamu hapa tunayatambua mapema, mara nyingi kabla ya kuona mfupa. Kutoka Mombasa, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Maiti hulazwa ubavu wa kulia akielekea kibla, kwa hiyo kaburi hulala mashariki na magharibi, kichwa kikiwa upande wa mashariki. Tukikwangua udongo na kuona umbo refu jembamba lililolala hivyo, rangi yake tofauti na ya pembeni, tunajua. Hatuhitaji kwenda chini zaidi. Tunachora mipaka, tunafunika, tunawaita wazee, imamu wa msikiti wa karibu na wasimamizi wa wakfu ikiwa upo, na tunawaarifu Makavazi.

Maoni yangu ni kwamba, katika mradi wa bustani, jibu sahihi karibu kila mara ni kuyaacha makaburi yalipo na kuihamisha bustani. Eneo hilo lizungushiwe ukuta mfupi au miti, lisipitishiwe njia, na lisiwe uwanja wa mpira. Kuhamisha mabaki ya watu ni jambo la mwisho, linalohitaji idhini za kisheria na ridhaa ya jamaa, na kwa kipande cha maegesho halina sababu. Wapo watakaosema kaburi katikati ya bustani litawatisha watoto. Watoto wa Mji wa Kale wamecheza kando ya makaburi vizazi na vizazi.

Makaburi yasiyo ya Waislamu nayo yapo, na heshima ni ile ile. Tofauti ni kwamba wenyewe huwa vigumu kupatikana, na hapo kazi ya kuuliza huchukua muda kuliko kazi ya kuchimba.

Na mibuyu, na mahali watu wanapoweka ubani?

Mbuyu si kitu cha akiolojia kwa tafsiri finyu, lakini mchunguzi anayeuruka ameacha nusu ya kazi. Mti huo huishi karne nyingi na mara nyingi umesimama mahali watu walipokaa. Ukikuta chini yake chetezo, chupa ya marashi au kitambaa chekundu, mahali hapo pana wenyewe, hata kama hati ya ardhi haiwataji. Andika, uliza kwa adabu, na usitoe picha za vitu hivyo mtandaoni. Kwa mkandarasi ushauri ni wa vitendo tu: usimwage kifusi kwenye mizizi, usipitishe mtaro karibu, na usiufunge mbuyu taa za rangi kabla hujazungumza na mtu.

Sheria inasema nini?

Sheria kuu ni ile ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006. Kwa ufupi, vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, kuchimba kwa ajili ya kuvitafuta kunahitaji leseni, na anayegundua kitu au eneo la kale anapaswa kutoa taarifa kwa Makavazi katika muda wa siku 7. Maeneo muhimu huweza kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa yanalindwa. Mji wa Kale na Fort Jesus ni mifano, na Fort Jesus imo pia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2011.

Kisha kuna sheria ya mazingira ya mwaka 1999, inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ambayo hudai tathmini ya athari kabla ya miradi mingi. Turathi inapaswa kuwa sura kamili katika tathmini hiyo. Mara nyingi huwa aya moja isemayo hakuna athari zinazotarajiwa, imeandikwa na mtu ambaye hakushuka garini.

Katiba ya mwaka 2010 nayo imegawa kazi: bustani, fuo na maeneo ya burudani ni ya kaunti, na majengo na mabaki ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu. Kwenye karatasi mgawanyo uko wazi. Kiwanjani, simu hupigwa huku na kule mpaka mtu apatikane mwenye mamlaka ya kusema "simamisheni". Ndiyo maana inafaa barua ziandikwe mapema, kwa pande zote mbili, kabla hata beleshi halijaingia.

Na upande wa maji? Ufuo wenyewe unahusika?

Unahusika. Katiba inataja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Hapo ndipo bustani nyingi hutaka kuweka ngazi, ukuta wa kuzuia mawimbi au gati dogo, na hapo hapo ndipo vyombo vilitia nanga karne kwa karne. Tunatembea ufuo wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekwenda mbali, tukitafuta mawe ya kutulizia vyombo, vigae vilivyosuguliwa na mawimbi, na mbao. Vigae vingi vikiwa na kingo kali, havijasafiri mbali. Ujue ukingo ulio juu yake unamomonyoka, na tabaka lenyewe liko pale pale ukutani mwa ufuo.

Mbele ya Fort Jesus lipo funzo kubwa. Merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama hapo mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa na Waomani. Ilichimbwa chini ya maji kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, kazi iliyoongozwa na Robin Piercy pamoja na Makavazi. Vitu vyake vinaonekana katika makumbusho ya ngome. Wanaojenga ukuta wa bahari mahali popote kisiwani wakumbuke kwamba merikebu ile ilikuwa karibu na ufuo, wala haikuwa katikati ya mlango wa bahari.

Uchunguzi utachelewesha mradi? Na nani analipa?

Analipa mwenye mradi, kama anavyolipia upimaji wa udongo na mchoro wa umeme. Kwa kiwanja cha kawaida cha bustani, kutembea na mashimo ya majaribio ni kazi ya wiki, si ya miaka. Uchambuzi wa vitu na tarehe za kaboni huchukua muda zaidi, lakini hiyo inaendelea maabara wakati msanifu anachora. Ucheleweshaji wa kweli hutokea pale mifupa inapotokezea mbele ya tingatinga siku ya kazi, waandishi wa habari wamefika, wazee wamekasirika, na mashine inadai kodi ya siku ikiwa imezimwa.

Hata baada ya uchunguzi, mtu wa akiolojia anapaswa kuwepo mitaro inapochimbwa. Mashimo ya majaribio ni sampuli tu, na kati ya shimo na shimo kuna nafasi ya kisima kizima kujificha.

Wachuuzi wataondolewa kwa sababu yenu?

Si kwa sababu yetu. Tunahitaji nafasi ya shimo na siku chache, na tukifika mahali pa kibanda tunapanga na mwenyewe. Suala la nani atarudi kuuza bustani ikishafunguliwa ni la kaunti. Liulizwe huko, na liulizwe kwa maandishi.

Vitu vinapelekwa wapi? Mbona visibaki mtaani kwetu?

Huoshwa, huhesabiwa, huandikwa, kisha huhifadhiwa chini ya Makavazi, kwa hapa kwetu ni Fort Jesus. Vya chuma na mbao vilivyotoka baharini vina kazi zaidi: lazima chumvi itolewe polepole, vikikaushwa ghafla hupasuka na kubomoka mikononi.

Kuhusu kubaki mtaani, naunga mkono kadiri inavyowezekana. Bustani inaweza kuonyesha mstari wa ukuta wa kale kwa mawe ya rangi nyingine juu ya ardhi, huku ukuta wenyewe ukiwa salama chini. Bango liwe la Kiswahili kwanza, na maandishi makubwa. Jina la mahali waliloliita wazee lirudishwe kwenye ramani ya bustani. Vitu vyenyewe vikiachwa kwenye kisanduku cha kioo ufuoni, chumvi na jua vitavila, na kile ambacho chumvi itabakisha kitakwenda na mwizi.

Nimeokota kigae au sarafu nikilima bustani yangu au nikitembea ufuoni. Nifanye nini?

Usikisugue. Usitie ndimu, wala siki, wala sabuni. Sarafu nyingi za kale zimeharibiwa na watu waliotaka kuzing'arisha. Piga picha hapo hapo kilipo, ukiweka kitu cha kuonyesha ukubwa, kisha picha ya mbali inayoonyesha mti au nyumba ya karibu. Nenda Fort Jesus ndani ya zile siku 7, eleza mahali na kina. Hutakamatwa kwa kuleta. Kama umekuta vigae vingi sehemu moja, acha kuchimba na uvifunike kwa udongo ule ule mpaka mtu afike.

Ripoti ikishaandikwa, mwananchi anaweza kuiona?

Anaweza kuiomba, na aiombe. Tathmini ya mazingira hupitia hatua ya maoni ya umma, na sura ya turathi ni sehemu yake. Ukiipata, usianze na picha za vigae. Tafuta ramani ya mashimo ya majaribio na uiweke kando ya mchoro wa bustani. Angalia kama choo, maegesho na mitaro vimepita mahali penye alama nyingi au mahali peupe. Angalia tarehe mbili: ya uchunguzi na ya mchoro, ipi ilitangulia. Angalia kama sehemu yoyote ya kiwanja haikuchimbwa na sababu iliyotolewa; "palikuwa na magari" si sababu. Ukiona jambo halikai sawa, andika kwa kaunti na nakala kwa Makavazi, ukitaja namba ya shimo. Barua yenye namba ya shimo hujibiwa haraka kuliko barua yenye hasira.